Mwalimu, kabla hujapiga windo mpya itoe hiyo diski

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari huko Makete, nalifupisha maana lilikuwa refu. Kanunua kompyuta ya mtumba Mbeya mjini, Dell Latitude E6430, prosesa i5, ramu GB 4, diski GB 320, ina Windows 10 ambayo pembeni inaandika "Activate Windows". Kuwaka tu inachukua dakika sita, akifungua Excel na kivinjari kwa pamoja inaganda. Fundi anataka elfu 30 ampigie Windows 11, mwalimu mwenzie anamwambia weka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ni ya bure. Anauliza aweke ipi, anaweza kufanya mwenyewe huko huko bila kushuka tena mjini, na alama za wanafunzi alizoshaingiza humo zitapona?

Mwalimu habari za baridi. Kompyuta kama hiyo yako zinapita mezani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, kila mara na karibu wote wanaanzia pale ulipoanzia wewe, nipige windo gani, wakati hilo kwangu ndo swali la tatu au la nne. Kuna vitu viwili vinaweza kuwa ndo vinakuchelewesha na hakuna windo duniani itakayoviondoa.

Kwanza chaja. Usicheke. Chaja ya Dell ina kipini chembamba katikati ya ile ncha, kazi yake ni kuiambia kompyuta mimi ni chaja ya wati kadhaa. Ukiwa na chaja feki, au orijino ambayo waya umekatika kwa ndani, kile kipini hakiongei, kompyuta haijui inalishwa na nani, basi inagoma kuchaji betri afu inajipunguza spidi yenyewe, prosesa inatembea kama mbuzi aliyefungwa kamba miguuni. Ukiwasha inatoa ujumbe kwamba aina ya chaja haitambuliki, watu wanabonyeza kitufe upite, kesho wanabonyeza tena, mwaka mzima. Kuna mzee mmoja alikuja na yake kutoka Tukuyu ishapigwa windo mara tatu na mafundi watatu, nikamwazima chaja yangu tu, hata skrubu sijagusa, ikawa nyepesi pale pale na mzee akabaki ananiangalia kama nimemfanyia mazingaombwe. Kwahiyo izime, iwashe huku unabonyeza F2, utaingia kwenye BIOS, yani mipangilio ya kompyuta yenyewe kabla Windows haijawaka, humo kuna ukurasa wa betri unaonyesha na chaja iliyochomekwa. Kama inasema haijulikani, tafuta chaja kwanza halafu urudi kusoma haya mengine.

Ukiwa humo humo, imekuomba pasiwadi? Nyingi ya hizi zilikuwa za maofisini huko nje, ofisi ikinunua mpya zile za zamani zinauzwa kwa mafungu, na wengine wanasahau kutoa pasiwadi ya msimamizi. Ikikuomba usihangaike na video za YouTube za kutoa betri ndogo ya ndani, kwenye Latitude hiyo haifuti pasiwadi. Irudishe kwa aliyekuuzia wakati bado anaikumbuka sura yako.

Sasa diski, na hapa ndo penyewe. Hiyo GB 320 yako ni diski ya sahani, ndani kuna sahani inazunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika na kuna kimkono chenye kichwa kinachoruka huku na huku kutafuta vitu. Windows 10 ikiwaka inaita mafaili madogo madogo maelfu kwa wakati mmoja, kile kimkono hakiwezi kuwa sehemu mbili, ndo maana unaona kitaa cha diski kinawaka mfululizo na wewe umekaa umeshika shavu. Prosesa yako haina tatizo, i5 ya generesheni ya 3 bado inafanya kazi ya ofisi vizuri tu. Inasubiri diski. Fundi akikupigia Windows 11 juu ya diski hiyo hiyo utarudi kwake baada ya mwezi na utamlaumu bure.

Ile elfu 30 usimpe. Iongezee, nunua SSD, yani diski isiyo na sahani inayozunguka, ya inchi mbili na nusu, yenye kiunganishi cha SATA, GB 240 au 256 inakutosha na chenji. Umbo lake ni sawa na diski ya zamani, ndo maana nasema inchi mbili na nusu, usije ukauziwa ile nyembamba kama kipande cha bigijii, ile ni M.2 na kwako haitapata pa kukaa. Na usichukue ya bei ya kutupa isiyo na jina, diski ni kitu cha mwisho kwenye kompyuta kubania hela.

Na hapa ndo najibu la alama za wanafunzi. Ukishakuwa na SSD hufuti kitu chochote. Unaitoa diski ya zamani ikiwa na Windows yake, alama zake, kila kitu, unaiweka pembeni, unachomeka SSD tupu na mfumo mpya unaingia huko. Ukijuta, unairudisha ya zamani na uko pale pale ulipokuwa. Mwenye kushauri watu wafomati diski moja yenye vitu vyao vyote bila kuwapa njia ya kurudi mimi simwelewi, na nasema hivyo kwa sababu nilishafanya. Miaka ya mwanzo niliwahi kupiga mfumo kwenye kompyuta ya mwanachuo huku diski yake ya nje imechomekwa, nilitaka kuhamisha mafaili yake baadae, instola ikaniorodheshea diski mbili nikachagua haraka haraka, nikafuta ile ya nje. Utafiti wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa humo. Tuliokoa sehemu kwa programu ya kufufua mafaili, sehemu tu, na majina yote ya mafaili yakawa namba. Toka siku hiyo kwenye kompyuta ninayoipiga mfumo kunakuwa na diski moja na flashi moja, basi, hata kamodemu sitaki kukaona.

Pamoja na hayo, leo hii kabla hujafungua skrubu yoyote, nakili zile alama kwenye flashi na ujitumie kwenye barua pepe. Diski ya mtumba imeshaishi maisha yake mengine kabla yako, na safari za kupanda Makete na mitikisiko ile haziisaidii. Na pia ukisafiri nayo izime kabisa, usifunge tu mfuniko, kuna siku inajiamsha yenyewe ndani ya begi, inapata joto na sahani inazunguka huku gari linaruka mashimo.

E6430 kuitoa diski ni raha. Toa betri kubwa na chaja, geuza chini juu, pembeni utaona skrubu mbili zimeshika kifuko cha diski, zitoe, kivute kwa upande kinateleza chenyewe. Diski imeshikwa na skrubu nyingine ndogo kwenye kifuko chake, hamishia kifuko kwenye SSD, rudisha. Bisibisi ya nyota ndogo, dakika kumi. Ukiwa umeshafungua hivyo fungua na mfuniko mkubwa wa chini uangalie ramu, kompyuta hiyo ina sehemu mbili za ramu, kama GB 4 zimekaa kwenye moja na nyingine iko wazi, siku ukipata hela ongeza kijiti kingine cha GB 4, ya laptopu aina ya DDR3L. Sio lazima leo.

Mfumo gani sasa.

Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia generesheni ya 8 na kidude cha usalama kinaitwa TPM toleo la 2.0. Yako ni generesheni ya 3, ya 2012, na TPM yake ni 1.2. Fundi wako hajakudanganya kwamba inawezekana, inawezekana, hata Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwekea mfumo, ina kisanduku cha kuruka hilo sharti, lakini ni njia ya panya kama mizigo ya mpakani Tunduma, inapita leo, kesho hujui. Microsoft wenyewe wanasema kompyuta isiyotimiza masharti hawaihakikishii apdeti. Na GB 4 za ramu kwenye Windows 11 ndo kima cha chini kabisa cha kuruhusiwa kuingia, yani unaruhusiwa kuingia ukumbini ila kiti hamna.

Windows 10 je? Inakaa vizuri kwenye hiyo mashine ukiwa na SSD, sikatai, ila apdeti za kawaida za usalama zilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Haizimiki, inaendelea kuwaka, matundu mapya tu hayazibwi kama zamani. Na hilo la "Activate" wengi wanamalizia kwa kreki, ile programu ambayo maelekezo yake ya kwanza ni zima antivirasi. Mtu akikuambia mtoe mlinzi getini ndo aingie, na wewe unamtoa? Nimesafisha kompyuta nyingi zilizoanzia hapo hapo. Tena usidhani ile stika ya Windows 7 iliyobandikwa kwa chini itakusaidia, zamani namba zile zilikuwa zinakubali kwenye Windows 10 lakini Microsoft walifunga huo mlango 2023.

Mimi ningekuwekea Linux Mint, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Sio kwa sababu ni ya bure, ni kwa sababu ina menyu pale chini kushoto kama ulivyozoea, inahitaji ramu GB 2 na kwa GB 4 inakaa kwa nafasi, na matoleo ya 22 yanaletewa apdeti mpaka 2029. Na kitu ambacho watu wa mjini hawakioni, haikunywei bando bila ruhusa. Inakuonyesha apdeti zipo, ukubwa wake huu, wewe ndo unaamua ni usiku ukiwa na bando la kutosha au wiki ijayo ukishuka mjini.

Faili lake ni kama GB 3, linaishia na .iso, lichukue kwenye tovuti yao wenyewe ya Linux Mint, usichukue kwa mtu kwenye flashi usiyojua ilikotoka. Utahitaji flashi ya GB 8 ambayo ni GB 8 kweli. Zile za mtaani zimeandikwa GB 64 au hata TB 1 kwa bei ya soda mbili, nyingi ndani ni ndogo zimedanganywa tu ukubwa, unaandika mpaka katikati kinachofuata kinapotea na hakuna anayekuambia. Kwa sababu hiyo napenda kuchomea na balenaEtcher, programu ya kuandika faili la .iso kwenye flashi, ikimaliza kuandika inarudi kusoma kila kitu ilichoandika, flashi feki ambayo ndani haifiki ukubwa wa faili hilo inaumbuka hapo hapo. Unafanyia kwenye Windows yako hiyo hiyo kabla hujaitoa diski. Unachagua faili la .iso, unachagua flashi, unaiachia. Kilichokuwemo kwenye flashi kinafutika, kwahiyo isiwe ile uliyonakilia alama! Usiseme sikukwambia.

Ikiisha, zima, hamisha diski kama nilivyoeleza, chomeka flashi, washa huku unabonyeza F12, itakuja orodha, chagua ile ya USB. Kama diski ya zamani bado iko ndani ukitaka kujaribu kwanza ni sawa, maana Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na ningeshauri ufanye hivyo. Humo kuna programu inaitwa Disks, ifungue, bonyeza ile diski, kwenye menyu yake kuna SMART, yani taarifa ya afya ya diski, tafuta mstari wa "Reallocated Sector Count" na wa "Current Pending Sector Count". Zikiwa sifuri, kwa dalili hizo diski yako ya zamani bado nzima, zikiwa na namba na kila ukiangalia zinapanda, hiyo inaaga, nakili kila kitu chako mapema.

Ukiwa kwenye majaribio hayo hayo sikiliza sauti, fungua kamera, bonyeza herufi zote. Herufi nazitaja kwa makusudi. Angalia kibodi juu ya namba 3, ukiona alama ya pauni hiyo kompyuta imetoka Uingereza, na wakati wa kuweka mfumo ukichagua kibodi ya Marekani, ile @ na alama za kunukuu zitabadilishana nafasi, utaandika barua pepe yako mara tano inakataliwa na utadhani umesahau pasiwadi. Chagua kibodi ya Uingereza, yameisha.

Kuweka kwenyewe ndo kufupi. Kwenye skrini ya mwanzo kuna aikoni imeandikwa "Install Linux Mint", lugha, kibodi, halafu itakuuliza iweke wapi, chagua "Erase disk and install Linux Mint". Hayo maneno yanaogopesha watu, ila wewe diski yako ya zamani iko kwenye droo, kwahiyo inafuta SSD tupu. Bado soma ukubwa ulioandikwa pale, ukiona GB 320 simama, umesahau kuitoa. Kwenye ramani gusa Dar es Salaam ili saa iwe sawa. Jina lako, pasiwadi ambayo huwezi kuisahau, unasubiri robo saa hivi.

Umeme ukikatika katikati? Maana najua betri za hizi za mtumba nyingi zinashika dakika tatu, na kuanzia Novemba mvua zikianza na radi zake Tanesco nao ndo hivyo. Hakuna kilichoharibika, umeme ukirudi unaanza upya na flashi. Kinachoua ni kukatikiwa ukiwa unaapdeti BIOS, hapo bodi inakuwa tofali, kwahiyo mtu akikushauri uapdeti BIOS bila betri nzima mkatalie kwa heshima. Na asubuhi za Juni na Julai, kompyuta iliyolala chumba cha baridi ukaileta karibu na jiko la mkaa usiiwashe hapo hapo, iache kwanza izoee joto, unyevu ukauke.

Vitu viwili vitakukwamisha baada ya hapo. Waifai inaweza isionekane, baadhi ya E6430 zina kadi ya Broadcom ambayo draiva yake inawekwa pembeni. Usipaniki, chukua simu, iunganishe kwa waya wa USB, kwenye mipangilio ya simu washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, kompyuta inapata mtandao kama imechomekewa modemu, fungua Driver Manager, itakuonyesha ya Broadcom, iweke, washa upya. Kingine ni tarehe. Kompyuta ikikaa bila umeme halafu ukiwasha inakuambia ni mwaka 2012, betri ndogo ya ndani imekufa, ni CR2032, ile duara kama sarafu, ila kwenye hii huwa ina vijiwaya vyake, kwahiyo nunua inayofanana nayo. Watu hawaihusishi na intaneti, lakini tarehe ikiwa ya uongo kivinjari kinagoma kufungua tovuti karibu zote kinasema sio salama, kwa sababu vyeti vya hizo tovuti vina tarehe za kuanza na kuisha, na kwa saa ya kompyuta yako vyote bado havijazaliwa.

Kazi ya shule sasa, hapa sitakupamba. Mint inakuja na LibreOffice, programu za ofisi badala ya Excel na Word, faili zako za Excel na Word zitafunguka, jumla, wastani, madaraja, kupanga nafasi, vyote vinafanya kazi. Isipokuwa kama kuna faili la Excel mnaloletewa lenye vitufe vya kubonyeza linajikokotolea lenyewe, yale yenye makro, mengi yatakataa au yatafanya nusu nusu. Ukiwa nalo, hilo unalifanyia kwenye diski ya zamani au kompyuta ya shule, usijitese. Kwenye mitihani, ukiandika kwa fonti ya Calibri, LibreOffice inaweka nyingine yenye upana ule ule inaitwa Carlito kama ipo kwenye mfumo, mistari haihami sana, lakini usipeleke faili la Word steshenari ukategemea litoke vile vile, geuza liwe PDF kwanza, kitufe kiko juu pale, hata ungekuwa na Windows ningekwambia hivyo hivyo, swali la 7 likihamia ukurasa wa pili peke yake ni karatasi mia mbili za hasara.

Steshenari hizo hizo ndo zinagawa wale virusi wa shotikati, unarudi na flashi mafoda yote yamekuwa vijifaili vya KB 1. Kwenye Mint hao hawawaki. Na foda zako za kweli ambazo Windows inakuficha utaziona zimekaa tu wazi, unazinakili, unafomati flashi, maisha yanaendelea. Walimu wenzio wakishajua hilo jiandae kupokea flashi za watu.

Ile diski ya zamani iandikie tarehe kwa kalamu, ifunge kwenye kitambaa, usiiguse mpaka muhula uishe. Ukiona hujaihitaji, nunua kile kiboksi chake cha USB uifanye ya kutunzia vitu, na humo ndani ukikuta picha au nyaraka za yule mwenye kompyuta wa zamani zifute tu, usizifungue. Ukikwama nitumie picha ya skrini nzima, maneno yote yasomeke, maana "imegoma" naambiwa mara kumi kwa siku na kila moja ina maana yake.